Mwalimu na Wasifu wa Marehemu Wetu

Mwalimu alizaliwa lini sitasema, kwa sababu sijui, na sijui kwa sababu yeye mwenyewe hataki ijulikane. Mtu aliyetumia uzee wake kutafuta tarehe za kuzaliwa za watu wengine, akitoa kitambulisho chake cha taifa hufunika tarehe kwa kidole gumba. Siku moja alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho hicho dukani kwangu, akasimama kando ya mashine kama askari, na karatasi ilipotoka akaikunja ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo tuanzie pale nilipomfahamu ukubwani: mama mstaafu tayari, mrefu, kofia ya sufu ya kijani, mabuti ya mpira, na uwezo wa ajabu wa kunivurugia siku. Siku hizi amehamia kwa binti yake Tarakea, maana magoti yamegoma kupanda mlima. Naandika akiwa hai kwa makusudi, ili akikuta kosa anipigie simu na kunigombeza.

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Soweto, Moshi mjini. Nachapa barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, mikataba ya nyumba za kupanga, na wasifu wa marehemu. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayoniweka mjini. Mtu wa kwetu anaweza kuishi Dar es Salaam, Mwanza au Ulaya, lakini akifa atarudishwa kihambani, shamba la ukoo, azikwe kwenye migomba ya baba yake, na kabla jeneza halijashushwa lazima mtu asimame asome: marehemu alizaliwa lini, ni mtoto wa ngapi kwa nani na nani, alisoma wapi, alifunga ndoa na nani, ameacha watoto wangapi. Wasifu ukisomwa watu hunyamaza kuliko wanavyonyamaza wakati wa mahubiri. Anayesahauliwa pale, amesahauliwa mbele ya kijiji kizima.

Kule kwetu mlimani wasifu haukusomwa mpaka Mwalimu aupitishe. Hakuna aliyemteua. Alianza kwenye msiba wa jirani yake, ambapo msomaji alitangaza kwamba marehemu ameacha watoto wanne, na wa tano amesimama pale pale ameshika msalaba. Mwalimu aliuona uso wa yule kijana. "Mtu anazikwa mara moja," aliniambia baadaye. "Hatuwezi kurudi kesho kumsahihisha." Tangu hapo familia zikawa zinamletea wasifu zao, zikidhani atarekebisha nukta na mikato. Yeye akawa anarekebisha watu.

Alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza kwa sauti ile ile aliyotuulizia darasa la tano nani katoka na chaki. "Nani kasema? Alikuwepo? Karatasi iko wapi?" Ukijibu kwamba umeambiwa na shangazi, anakutazama kwa huruma. "Shangazi alikuwa na umri gani mambo hayo yakitokea?" Ukijibu kwamba shangazi alikuwa hajazaliwa, anafumba macho kidogo, anayafumbua, halafu anakata mstari kwa kalamu nyekundu.

Akipewa wasifu asubuhi, mchana utamwona juu ya bodaboda, amekaa upande, anateremka kwenda ofisi ya wilaya kuulizia vyeti vya vizazi na vifo. Kama hakuna cheti anakwenda mahakama ya mwanzo kuomba kuona jalada la mirathi, maana kwenye mirathi, alisema, watoto wote hujitokeza, hata wale wasioonekana Krismasi. Akitoka mahakamani ni rejista ya shule, akitoka shuleni ni vitabu vya ubatizo parokiani. Kila ofisi aliingia na kichane cha ndizi mbivu. Nilimwambia hiyo ni rushwa. "Rushwa ni kumpa mtu ili avunje kazi yake," alinijibu. "Mimi nampa ili aifanye akiwa ameshiba." Makarani walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kinacholingana, na nusu yao alikuwa amewafundisha kusoma.

Kisha makaburi. Kwetu makaburi yako nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa, na fundi huandika jina na tarehe kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Baada ya mvua za miaka kadhaa huoni kitu. Mwalimu alikwenda na chupa ya maji, akamwagia saruji, akapiga magoti na kusoma herufi kabla hazijakauka. Mara moja mwenye nyumba alitoka akamkuta bibi asiyemjua anaosha kaburi la baba yake kwa upole mkubwa. Yule bwana akaita ndugu zake wote, wakafika mbio, na Mwalimu akalazimika kuapa mbele yao kwamba hakuwahi kuwa mke mdogo wa mzee. Nilipomcheka alinuna wiki nzima.

Kuhusu umri wa watu hakuwa na masihara hata kidogo, ukiacha ule wa kwake. Kuna ukoo uliomletea wasifu wa babu yao, wamemwandikia umri mkubwa sana, kwa fahari, na wameshachapisha fulana zenye umri huo. Mwalimu akaenda parokiani, akarudi, akawaketisha. "Kwa hesabu yenu," akawaambia, "huyu babu alimzidi mama yake mzazi." Wakaomba. Wakabembeleza. Wakasema fulana zimeshalipiwa. Mwisho akakubali wasifu useme tu kwamba mzee aliishi miaka mingi, na fulana zikavaliwa ndani ya makoti siku nzima, jua likiwaka.

Tena ndiye aliyenifumbua macho kuhusu Desemba. Kwa muda mrefu nilikuwa najiuliza kwa nini kwenye wasifu ninaochapa karibu kila mtu wa kwetu amezaliwa Desemba. Nikadhani labda ni baridi ya mlimani. Mwalimu alinicheka mpaka akavua kofia. Familia zinapanda kutoka mijini wakati wa Krismasi, akanieleza, zinawabatiza wote waliozaliwa mwaka huo kwa mkupuo mmoja, halafu miaka ikipita tarehe ya ubatizo inachukuliwa kuwa ndiyo ya kuzaliwa. "Wewe mwenyewe," akaniambia, "ulizaliwa wakati wa kuchuma kahawa. Bibi yako aliniambia." Nikauliza karatasi iko wapi. Akanywa chai yangu akaondoka.

Sifa zake zilifika mpaka mjini. Familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa ilimwomba asaidie kuandika historia ya babu yao aliyekuja Moshi zamani. Wajomba watatu walikuwa na hadithi tatu, na katika zote babu alikuwa tajiri tangu aliposhuka kwenye treni. Mwalimu akapekua leseni za zamani, akakuta babu alisajiliwa kama kinyozi. Baada ya muda nilipita pale kununua bitana nikaona nakala ya leseni imewekwa kwenye fremu ukutani, na mjomba mkubwa anawaonyesha wateja kwa kidole.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa karatasi tupu. Sijaona mpenda umbea kama yeye. Alikuwa anaketi kwenye benchi la dukani kwangu, anasikiliza habari za mtaa mzima mpaka chai inapoa, anasogea karibu, anauliza "Halafu?" na "Yule yule wa juzi?" Hadithi ikiisha anajifuta midomo na kutamka, "Hiyo haina karatasi." Na kesho yake anarudi kusikiliza kilichoendelea.

Ila alikuwa mkali, na ukali wake ndio ulionifanya niandike haya. Miaka kadhaa iliyopita alikuja dukani mzee mmoja kutoka Chekereni, kule tambarare kwenye mpunga, akiuliza kama ndipo anapopatikana yule mama wa kuhakikisha habari za familia. Alikuwa na matope makavu kwenye suruali na kofia mkononi. Akajitambulisha kuwa anaitwa Klementi. Hata baba yangu aliitwa Klementi. Majina ya watakatifu kwetu yanazunguka. Nikampa kiti kwa heshima ya jina hilo.

Shida yake ilikuwa hii. Aliishi na mke wake tangu ujanani bila kufunga ndoa kanisani, kile ambacho mapadre wetu wanakiita uchumba sugu. Alipotaka hatimaye kufunga ndoa, ili yeye na mkewe waruhusiwe komunyo, parokia aliyobatizwa ikamjibu kwamba haiwezekani: kwenye kitabu cha ubatizo, pambizoni mwa jina lake, imeandikwa kwamba alishafunga ndoa Dar es Salaam. "Mimi Dar es Salaam sijawahi hata kulala," mzee akasema. Mkewe alikuwa amelisikia hilo jibu. Tangu siku hiyo alikuwa anaamini kwamba mumewe ana mke mwingine mjini, na hakuna neno la mzee lililoweza kumtoa huko.

Mwalimu alikwenda parokiani siku hiyo hiyo. Alirudi jioni, na mzee alikuwa bado amekaa kwenye benchi langu. "Nimekiona kitabu," akamwambia. "Jina ni lako, wazazi ni wako, ndoa imeandikwa, na jina la mke limeandikwa." Mzee akasema hamjui mwanamke yeyote wa Dar es Salaam. "Karatasi haidanganyi, mzee wangu," Mwalimu akamjibu. "Nenda kakae na mkeo umweleze ukweli." Jina la huyo mke hakulitaja, maana mambo ya vitabu vya kanisa hakuyatangaza dukani. Mzee akavaa kofia, akaaga kwa adabu, akatoka. Mimi nilimwonea huruma, lakini na mimi pia niliamini kitabu.

Kisha baba yangu akafariki.

Nilimlilia baba yangu sana, na sioni haya kusema. Nililelewa na bibi kule mlimani wakati wazazi wakifanya kazi Dar, na baba alirudi kuishi nyumbani baada ya kustaafu tu, kwa hiyo miaka tuliyokuwa naye karibu ilikuwa michache na niliihesabu kuwa yangu. Wasifu wake niliuandaa mwenyewe. Nilikusanya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, kitambulisho, vyote vinasema Klementi, tarehe ile ile, majina yale yale. Nikampelekea Mwalimu kwa kiburi. "Huu hauna pa kukata," nikamwambia. Akapitia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kitu ambacho sijawahi kukiona. Lakini mazoea ni mazoea. Akachukua ndizi zake akaenda parokiani.

Alirudi mchana wa siku iliyotangulia mazishi. Wanaume walikuwa wanakatakata ng'ombe nyuma ya zizi, wanawake wanamenya ndizi za mtori. Akatuita ndani ya nyumba ya zamani ya bibi, watu watatu tu: mimi, mama yangu, na Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeingia na beseni lake la ndizi na kuendelea kumenya.

"Bibi yenu nilimjua," Mwalimu akaanza. "Nimekaa naye, nimekula kwake. Kitabu kinasema Klementi huyu ni mtoto wa watu wengine kabisa."

"Wengine akina nani?" mama akauliza.

"Watu wa kijiji cha chini. Baba mwingine, mama mwingine."

Mama akashika kiti. Shangazi akatupa ganda. "Ah," akasema, "ni hilo la jina tu? Nilidhani kuna jambo."

Tukamgeukia sote. Akaeleza, kisu kikiendelea kufanya kazi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Baba alikuwa amefeli darasa la saba. Siku zile kurudia kulikatazwa, lakini mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa na nafasi ya mtoto aliyeacha shule kabla ya mtihani, na jina lake lilikuwa bado liko kwenye orodha. Baba akaingia mle. Akafanya mtihani kwa jina la Klementi, akafaulu kwa jina la Klementi, akaenda sekondari, akaajiriwa, na kila karatasi iliyofuata ikazaliwa na ile ya kwanza. Walifanya hivyo wengi. Na kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kutumia majina matatu ya ukoo, asishangae mtu.

"Alibatizwa Teofili," Shangazi akamalizia. "Si ndiyo maana tunamwita Teo?"

"Nilidhani ni jina la utani!" mama akapaza sauti. "Wifi, miaka yote hii! Mimi nimeolewa na nani?"

"Na Teo," Shangazi akasema, akachukua ndizi nyingine.

Ningecheka kama asingekuwa baba yangu aliyelala kwenye jeneza chumba cha pili. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, mikono kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la tano nilimwona hana swali. Halafu akalipata moja, akamwuliza mama taratibu.

"Mlipotaka kufunga ndoa kule Dar, parokia ilidai cheti cha ubatizo?"

"Ndiyo. Akaandika barua huku nyumbani, kikaja."

"Kikaja cha Klementi. Na taarifa ya ndoa ikarudishwa huku, ikaandikwa pambizoni mwa Klementi." Akanigeukia. "Yule mzee wa Chekereni. Yule niliyemfukuza dukani kwako."

Nikamwona tena yule mzee na kofia yake mkononi.

Shangazi alisema tusithubutu kulisoma hilo kaburini. Alisema Mwalimu anamfukua ndugu yake kabla hatujamzika, kwamba mdogo wake ameishi kwa jina la Klementi na azikwe kwa jina la Klementi, watu wale mtori waende zao. Mimi nilikuwa upande wa Shangazi. Nilimwambia Mwalimu, kwa maneno ambayo kawaida simwambii mtu aliyenifundisha, kwamba achukue maswali yake matatu aende nayo kwake, na kwamba huu ni msiba wetu. Yeye alikuwa anaongea peke yake.

"Karatasi zote zilikubaliana," alisema. "Zilikubaliana kwa sababu zote zilinakili moja. Mimi mtu mzima nikasema hazidanganyi. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, mzima, na hata sikumwuliza alikuwa wapi mwaka ule."

Aliyeamua ni mama. Kwanza alimwita paroko, aliyekuwa nje akipewa chai, akamwuliza mbele yetu kama yeye ni mjane au si mjane. Paroko alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Uliolewa na mtu, mama," akamwambia. "Hukuolewa na jina. Ndoa yako ni ndoa." Mama akashusha pumzi. Halafu akaanza kulia, lakini si kwa ajili yake.

"Kuna mwanamke huko Chekereni," akasema, "anaamini mume wake ana mke Dar es Salaam. Huyo mke ni mimi. Sasa mniambie nitamzikaje mume wangu kwa jina ambalo linamtesa mwenzangu."

Shangazi akaweka kisu chini. Hakusema ndiyo, lakini hakusema tena hapana.

Kesho yake Mwalimu alisoma mwenyewe. Alisimama karibu na kaburi na kofia yake ya kijani, akasoma kwamba marehemu alibatizwa Teofili, mtoto wa pili wa bibi yangu na babu yangu; kwamba alisoma na kufanya kazi kwa jina la Klementi, jina la mwenzake aliyekuwa ameacha shule; kwamba mwenzake huyo yu hai, ni mtu mwema, na hakuwahi kufunga ndoa mahali popote. Minong'ono ikapita kwenye migomba. Nilitazama safu ya wazee wa rika la baba, nikaona kama watatu hivi, wastaafu wenye heshima zao, wamekazia macho viatu vyao. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mwalimu naye aliwaona, nina hakika, lakini siku hiyo alikunja karatasi akawaacha.

Matanga yalipoisha nilikodi gari, tukateremka Chekereni mimi, mama na Mwalimu. Ilikuwa safari yake ya mwisho ya namna hiyo kabla hajahamia Tarakea. Paroko alikuwa ameshaahidi kuandika jimboni ili kitabu kirekebishwe, na Mwalimu angeweza kumtumia mzee ujumbe na mambo yakaisha. Hakutaka. Huko chini joto lilimpiga mpaka akavua kofia. Mkononi alishika jani la isale, refu na la kijani, alilolikata kwenye mpaka wa shamba lake asubuhi na kulifunga fundo. Kwetu anayetaka kusamehewa hupeleka jani la isale, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Nilikuwa nimeliona likipelekwa na wezi wa ng'ombe na wakwe waliogombana. Mwalimu nilikuwa sijawahi kumwona nalo.

Mzee Klementi alikuwa anaziba mfereji. Alitutambua, akanawa, akatukaribisha kivulini mbele ya nyumba, na mkewe akatoka jikoni akijifuta mikono. Wanamwita Mama Veronika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa kwa mama yangu na viatu vyake vya mjini. Tukaambiwa tukae. Mwalimu alikataa kukaa.

"Mzee Klementi," akasema, "ulikuja kwangu ukaniambia hujawahi kufunga ndoa. Nikakuambia karatasi haidanganyi. Karatasi ilidanganya, na wewe ulisema kweli. Nimekuja kuomba radhi."

Akampa jani kwa mikono miwili. Mzee alilipokea, akaliweka juu ya goti, akalitazama. Mwalimu akaeleza yote, la jina, la shule, la cheti cha ubatizo, pole pole, na aliponyamaza mama yangu akasimama.

"Na mke wa Dar es Salaam ni mimi," akasema. "Mume wangu nimemzika. Alikuwa anatumia jina la mzee huyu. Mzee mwenyewe sijawahi kumwona mpaka leo."

Mama Veronika alimwangalia kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kwenye vile viatu, akarudi juu tena.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mbona nilidhani ni msichana."

"Nilikuwa, mama," mama yangu akasema, na sote tukaangua kicheko, Mwalimu kuliko wote, mpaka akakubali kukaa. Mama Veronika alicheka huku akijipiga mapaja. "Kila akipeleka mpunga mjini akachelewa, mimi nilijua yuko kwako," alisema. "Nimekutukana wewe, dada yangu! Jikoni humu, nikiwa peke yangu, sijabakiza tusi!"

"Hayakunifika," mama akamjibu. "Nimesamehe."

Kicheko kikaisha taratibu. Mzee peke yake ndiye hakuwa amecheka. Alikuwa bado anatazama lile jani juu ya goti lake. Mama Veronika akamwona. Akavuka pale kivulini mpaka alipokaa mumewe, akapiga magoti kwenye vumbi, akaliokota jani gotini mwake, na akamnyooshea tena kwa mikono yake miwili.

"Na mimi," akasema.

Mzee akamtazama.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia," akajibu mkewe, na hakuinuka mpaka mzee alipolipokea.